Baada ya Mbili Inakuja Nne

Juzi nilikwenda kumchukua mjukuu wangu chekechea, hapa Sumbawanga mjini. Mwalimu wake, binti mdogo mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, kisha akaniambia mtoto hatapanda darasa la kwanza na wenzake. "Hesabu hajui, Bibi. Kutwa anawaza kucheza tu. Huko nyumbani mkazeni kidogo, samaki mkunje angali mbichi." Nikaitikia kwa unyonge, lakini moyo uliniuma. Maneno ya namna hiyo niliwahi kuambiwa mimi.

Nililelewa na bibi yangu, kijijini Mpui. Usidhani tulikuwa watoto wa kukaa bure. Kipupwe kikiingia, upepo wa Ufipa unakata masikio, nasi tunashinda tukifukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa. Chakula kilikuwa ugali wa ulezi na maharage, na siku ya bahati kipande cha mgebuka, samaki mkavu aliyepandishwa mlima kutoka Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Tukishakula, uwanja ni wetu. Tulicheza mdako hadi magoti yakapauka.

Kama hukuwahi kuucheza, pole. Unachimba kishimo, unajaza kokoto. Unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka unazikomba kokoto nje, kisha unalidaka. Ukirusha tena, unazirudisha shimoni lakini unabakiza moja. Zikiisha zote moja moja, unaingia mbili mbili, halafu tatu tatu. Ukibakiza pungufu umeungua, na wenzako hawana huruma. Bibi alikuwa akipepeta ulezi pembeni, na ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu alinisimamisha mbele ya watoto wenzangu. Nyumbani tulisema Kifipa, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota. Akauliza, "Baada ya mbili inakuja ngapi?"

"Nne."

Watoto wakacheka. "Na baada ya nne?"

"Sita."

Akatikisa kichwa. Akasema nirudi nyumbani mwaka mzima, nikacheze hadi nichoke. Kwetu, msichana aliyerudishwa hivyo mara nyingi hakuonekana tena shuleni. Alipewa jembe, mambo yakaishia hapo. Nililia njia nzima.

Bibi alinisikiliza, akajifunga khanga, akanishika mkono tukarudi. "Mwalimu, mtoto hajakosea," alimwambia. "Yuko mbili mbili."

Mwalimu hakuelewa. Bibi akachimba kishimo palepale uani, akaokota kokoto, akamwambia, "Hebu keti, mwanangu." Na yule mwalimu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, tuliyemwogopa kuliko fisi, akachuchumaa, kisha akakaa kabisa mavumbini. Nikacheza mbele yake moja moja, mbili mbili, tatu tatu, nikihesabu kwa sauti. Akajaribu naye, akaungua mara ya kwanza tu. Alicheka hadi akafuta machozi, akaandika jina langu. Tangu wiki ile, darasa letu lilijifunza hesabu likiwa limepiga magoti uani, na sikumbuki mtoto mwingine aliyerudishwa.

Mwalimu yule ametangulia, Bibi naye ametangulia. Uwanja wetu wa Mpui umemwagwa saruji. Simlaumu binti wa chekechea. Ana watoto wengi, chumba kidogo, na wazazi wanaotaka kuona daftari limejaa. Lakini nasikitika, tena sana. Kokoto bado zimejaa Ufipa yote. Waliokwisha ni watu wazima wa kukubali kukaa chini.

Jana nilimwita mjukuu wangu nyuma ya nyumba. Nikachimba kishimo, nikamwonyesha mchezo, vidole vyangu vikiwa vizito siku hizi. Kisha nikamkabidhi jiwe. Alilishika kwa mikono miwili, hakulirusha.

"Bibi, nikikosea utanichapa?"

Nilimwambia hapana. Nikamwambia tena. Bado alikuwa amelishika.