Ndagala kutoka Japani

Wakati wa uasi wanajeshi walikataza mitumbwi ya taa ya wavuvi wa usiku kuingia Ziwa Tanganyika, nami niliyekuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwa hilo, sokoni Uvira nikabaki na gunia moja tu la ndagala za zamani. Mwezi huohuo mdogo wangu alirudi kutoka Japani, alikopelekwa na kanisa lake kwenye mkutano.

Majirani wa mtaa wetu wa Rugenge walijaa sebuleni kwetu kumsikiliza. Alisema msichana mwenye kibendera, kiongozi wa watalii, aliwazungusha wao wa mkutano mjini kutwa nzima wakionja vyakula: samaki mbichi juu ya wali, supu ya majani ya baharini, na mwisho duka la visamaki vikavu vya kuchemshia supu. Mwenye duka alivishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Haya aliyasema mdogo wangu huyuhuyu, aliyekuwa akiziba pua kila alipopita mahali nilipoanika ndagala zangu.

"Yaya, nimekuletea na weye," akasema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, akanipa kipakiti cha karatasi nzuri chenye visamaki vile.

Nilikwenda nacho nyuma ya jiko, nikavila visamaki vyote peke yangu. Kisha nikajaza kipakiti ndagala za gunia langu, nikarudi kuwaandalia yeye na wageni. Alitafuna akiwa amefumba macho.

"Munaona? Hizi haziko kama za kwetu."

Wageni wakakubali. Nilidhani nitacheka, lakini kicheko hakikuja. Vile vya kwake vilikuwa na ladha ileile ya ndagala, na bado aliyezungushwa mji ule ni yeye, si mimi.