Neno Tamu Kwenye Tangazo la Maji

Tangazo la maji kwenye geti la ploti yetu hapa Kitengela linaishia hivi: “Nakupenda, kipusa. Baba Tony.” Baba Tony ni mimi.

Jana nilijitia fundi, nikaanza kuunganisha kompyuta zetu mbili kuukuu kupitia intaneti ya ploti nzima. Kompyuta moja ilipotokea kwenye skrini, nikaamini ni ya mke wangu. Nikafungua faili moja bila kuisoma na kumwandikia mwishoni neno tamu la majaribio.

“Kwangu hakuna kitu,” alisema. “Kwani umemwandikia nani?”

Nikamwambia avumilie, mashine yake imezeeka.

Leo mke wa landilodi, mwenye kompyuta ile, amechapisha tangazo lake bila kulisoma tena. Wapangaji wanacheka. Landilodi mwenyewe ameshuka garini, anatafuta miwani.