Orodha Niliyoibandika Mwenyewe

Hapa Gesima najulikana kwa mdomo, na wiki jana mdomo uliniponza. Wakala wa kampuni fulani alipita boma kwa boma akiandika majina, nambari za simu na idadi ya watu, eti ni ya kitabu cha anwani. Nilimfukuza hadi barabarani. Mambo ya nyumba yangu hayauzwi!

Sikuishia hapo. Nilizunguka na daftari siku mbili, majirani watie sahihi kumpinga. Asije akasema tumebuni watu, kila mmoja aliandika jina kamili, simu na idadi ya watu nyumbani.

Mzee Nyakundi, jirani yangu, alisita. "Mama Kemunto, hata simu?"

"Andika, mzee! Tutashindaje tukiogopa?"

Asubuhi nikabandika kurasa zote ukutani pa kituo cha kuuzia majani chai, aone tulivyo wengi. Wakulima wakiwa kwenye foleni, wakala akafika. Akasoma, akatoa simu, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akanipa mkono mbele ya wote.

"Asante sana, mama. Peke yangu ningemaliza mwezi mzima. Na jina lako ulilonikatalia, kumbe ndilo la kwanza!"