Mtu wa Spring Valley aliyekuja kununua lori

Nyinyi wajukuu mmenitupa hapa mtaa wa Jamhuri, hata simu hampigi. Basi sikieni ya leo.

Kijana wangu Wafula alituma mtu wa Spring Valley anunue lori ya marehemu babake. Mimi sikuulizwa.

Kabla afike nilifungua boneti, nikalegeza distribyuta, ile inagawa moto wa injini, nikaizungusha kidogo ndio moto uwake wakati si wake.

Akaja, mtu mzima wa kilemba. Akawasha.

Lori ikapiga kama bunduki. Jirani akalala chini na nguo zake za kuanika.

"Pole baba," nikamwambia, "hiyo imekufa."

Hakuondoka. Alikunja shati, akaomba spana, akarudisha taiming, moto uwake wakati wake, huku ametega sikio. Halafu akageuza skrubu ya kabureta polepole, mpaka injini ikanguruma vile ilinguruma mzee akiwa hai.

Nikalia. Mbele ya mgeni.

Akatazama vidole vyangu. Vimejaa grisi.

"Mama, ni wewe uliharibu?"

"Ni mimi."

Akanirudishia ufunguo. "Nitamwambia kijana wako nimeikataa."

Nimempa chai na mandazi yote, hata yenu.

Mkija Jumapili, vaeni nguo za kazi. Lori inataka kuoshwa.