Bata Aliyeburuta Bawa

Nilipokuwa mtoto huku kwetu Singida, enzi za Mwingereza, mvua za kwanza zilijaza bwawa letu na kutuletea bata wa porini wenye midomo myekundu. Nilikuwa nawapenda mno. Hawakupiga mbizi, waliinamisha vichwa tu kutafuta mbegu kwenye tope, mikia ikabaki juu, nami nikacheka peke yangu mpaka nikasahau kuchota maji.

Bibi mzaa baba alituruhusu kuwatazama, ila kwa sharti moja. Ukimwona bata anaburuta bawa kwenye nyasi kana kwamba limevunjika, geuka uende zako, usiangalie nyuma. Mwanamke mjamzito akimfuata, mtoto wake hatakaa. Nani angebishana na Bibi?

Zainabu, mke wa baba yangu mdogo, alikuwa mgeni, ameolewa kutoka Shelui, na mimba yake ilikuwa imeshaonekana. Mumewe alikuwa Tanga anakata mkonge. Asubuhi moja tulipofika bwawani, bata akachomoka kwenye nyasi mbele yetu, akiburuta bawa. Mimi nikageuka. Zainabu akatua mtungi.

“Ameumia, maskini,” alisema, akamfuata taratibu ili amshike.

Nilichungulia kidogo, sikatai. Bata alimvuta hivyo hivyo mpaka mbali, kisha akaruka, mzima kabisa. Zainabu akacheka. Wanawake waliokuwa wakichota maji hawakucheka, na habari ilifika nyumbani kabla yetu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akafa siku hiyo hiyo. Bibi hakugomba. Alimwambia tu Zainabu afungashe vitu vyake arudi kwao, na baba mdogo aliporudi alikuta ameshatafutiwa mke mwingine. Nililia sana, maana ni Zainabu peke yake aliyejua kunisuka bila kuniumiza.

Nilikuwa msichana mkubwa siku niliyomsindikiza Bibi bwawani, tukakaa chini kwa ajili ya magoti yake. Bata akatokea akiburuta bawa. Tungegeuka, lakini Bibi hakuweza kuinuka upesi. Mbwa wetu, aliyekuwa ametufuata, akamfukuza bata hadi ng'ambo. Bata akaruka, akazunguka, akarudi kutua pale pale alipotokea. Akaita kwa sauti ya chini. Vifaranga wakatoka kwenye nyasi mmoja baada ya mwingine, wakamfuata majini.

Bibi alitazama mpaka wakapotea kwenye matete. Umri wake wote hakuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu tangu utoto alikuwa akigeuka.

“Kumbe ana watoto,” alisema.

Nilingoja amtaje Zainabu. Alininyooshea mkono nimwinue, tukarudi nyumbani.

Nadhani aliona aibu, na simlaumu kwa aibu hiyo. Ila Shelui si mbali hivyo, na Bibi aliishi miaka mingi baadaye bila kutuma hata salamu. Nilikuja kusikia kwamba Zainabu alizeeka akiamini alimuua mwanawe kwa kumhurumia ndege.