Mwaka wa njaa nilipowalisha nyuki maji ya makapi ya miwa

Wakuu, salaam kwenu wote, wa hapa Kindu na wa mbali.

Naleta jambo lililonipata mimi mwenyewe. Niliyoyaona nitasema niliyaona, nisiyoyajua nitasema sijui. Wenye mizinga wanivumilie mpaka mwisho.

Mume wangu alikuwa mufugaji wa nyuki. Alichonga mizinga ya magogo, akatundika mitano nyuma ya nyumba, karibu na miwa ya mama yake. Kisha akachukuliwa kubeba mizigo ya msafara, upande wa Kasongo. Tukabaki mimi, mama mukwe, na binti yetu mudogo.

Ilikuwa miaka ya vita.

Watu wenye bunduki walipita hapa wakabeba muchele wote na kuku wote. Wakaona mizinga. Wakawasha majani makavu, wakakata masega yote, hata yale yenye watoto wa nyuki ndani. Yale ya watoto waliyatupa chini, wakaenda zao.

Na mvua ndiyo kwanza zinaanza.

Asiyejua ajue: mvua zetu zikishika, nyuki hatoki. Akitoka, maua yameoshwa, hayana kitu. Wakati ule anakula akiba yake. Hawa wetu akiba ilikuwa tumboni mwa watu wengine.

Haukupita muda nikawakuta wanatambaa chini ya mizinga, hawawezi kuruka. Nikainua mzinga mmoja. Mwepesi kama kikapu kitupu.

Nikamwendea mama mukwe.

"Mama, naomba miwa kidogo. Nyuki wanakufa njaa."

Akaniangalia. "Na sisi tuko tunashiba? Muchele wamebeba. Huyu mutoto miwa njo uji yake. Halafu wewe unataka kupatia wadudu?"

Wakuu, alisema kweli.

Siku zile tulikuwa tunatwanga miwa kwenye kinu, tunakamua, yale maji tunapikia uji na unga kidogo wa muhogo. Makapi tunatupa. Nikayatazama yale makapi. Nikayaloweka kwenye maji safi, nikakamua tena. Yakatoka maji mepesi, lakini yana utamu.

Mama mukwe aliniona. Akaendelea kutwanga.

Sasa sikieni nilivyoharibu. Nilimimina yale maji kwenye bakuli pana, nikaliweka uani mchana jua limewaka kidogo. Wetu wakaja, wengi wakazama. Halafu wakaja nyuki wa porini, wenye nguvu, wakanywa, wakafuata harufu mpaka kwenye mizinga. Vita ikaanza milangoni. Mzinga mmoja ulikwisha mbele ya macho yangu.

Nilikaa chini nikalia. Sijui kama nililia nyuki, au muchele, au mume wangu ambaye hatukuwa na habari zake.

Mama mukwe akasimama juu yangu. "Chakula ya wagonjwa unaweka katikati ya soko? Muntu mugonjwa analishwa ndani, mulango umefungwa."

Tukafanya alivyosema. Nyuki wa porini waliporudi kwao jioni, nikawa naweka maji kidogo ndani ya kila mzinga, kwenye kipande cha kibuyu, na vijiti juu ili wasimame wasizame. Milango tukaiziba kwa udongo, tukabakiza tundu dogo. Kiasi cha kunywa wakamaliza, si zaidi.

Siku moja niliwapa maji yaliyolala. Yalikuwa yamechacha. Kesho yake milango yote imechafuka, tumbo limewaendesha. Tangu hapo nakamua mapya tu, na kibuyu nakiosha.

Waliacha kufa ovyo. Lakini ndani hapakuwa na watoto. Nyuki walewale, wanazeeka, hakuna wa kuwapokea. Mzinga mwingine ukaisha hivyo, polepole, bila vita.

Halafu asubuhi moja mama mukwe aliniita kwenye kinu. Jirani alikuwa ametuletea mahindi makavu kidogo, naye alikuwa anatwanga.

"Angalia hawa wezi."

Nyuki walikuwa wamejaa unga kama waokaji, wanaufinyanga kwenye miguu na kuondoka nao. Nikataka kuwafukuza. Akanishika mkono.

"Acha. Hata sisi tulikula miwa peke yake, tukadhoofika."

Akatia unga kiganja kimoja kwenye ungo, akauweka chini ya paa, pakavu. Yule yule aliyeninyima miwa.

Baadaye nilipochungulia, watoto walikuwepo, weupe, wamejikunja kwenye vyumba vyao. Je, ni ule unga? Sijui, wakuu. Siku zilezile mahindi ya bondeni yalikuwa yanatoa maua. Nadhani maua njo yalifanya kazi kubwa, na unga uliwafikisha hapo.

Nyuki wa mzinga wa tatu walihama wenyewe. Kiangazi kilipofika tulikuwa na miwili, mizima, inanguruma.

Na kiangazi hicho ndicho tulipopata habari kwamba mume wangu alifia njiani, kwa homa.

Matanga yalipokwisha, shemeji yangu mukubwa alitoka Kibombo. Alisema mizinga ni mali ya ndugu yake, ataibeba. Mimi mjane ningesema nini?

Mama mukwe alijibu kutoka jikoni, hata hakutoka nje. "Mali ya ndugu yako ilikufa mwaka wa njaa. Hii ni ya huyu aliyeilisha. Ukitaka nyuki, chonga mzinga, ungoje."

Shemeji alikula, akalala, asubuhi akarudi kwao.

Nilichojifunza ni hiki. Chakula cha nyuki ni asali yake na unga wa maua. Maji ya miwa ni ya kumvusha tu, kidogo, mapya, ndani. Siku hizi mvua zikikaribia hatuvuni. Watu wanatucheka kwamba tunaacha asali ioze. Waache wacheke. Hao wanaocheka, tukivuna kiangazi, wanakuja na vibuyu.

Haya, wakuu, zamu yenu. Mliomo misituni kule Punia, mvua ikishika wiki nzima nyuki wenu wanakula nini? Na kama kuna aliyejaribu ndizi mbivu, aniambie ilikuwaje. Mama mukwe ananiuliza kila siku, na mimi sina la kumjibu.