Vichwa Vinne vya Waya

Kila asubuhi kabla ya chai, Jael alitoa ulimi akaugusisha kwenye betri ndogo ya mraba. Uso unakunjamana kidogo, halafu anasema, "Bado iko hai," na kuirudisha mfukoni. Mita ya kupimia alikuwa nayo. Lakini alisema mita haimwamshi mtu.

Alikuwa fundi hapa mtaani Mashimoni, mlango wa tatu kutoka bomba letu la maji. Mimi na mama tunauza maji hapo, kwa hivyo nilikuwa namwona siku nzima hata bila kutaka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na nane, mwembamba, vidole vimejaa alama za moto. Watu walimletea woofer, zile spika kubwa za muziki, na pasi. Miaka kumi na moja, woofer na pasi. Woofer ikishapona, mwenyewe anaenda kuipigia muziki upande wa pili wa ukuta hadi mabati ya Jael yanatetemeka, na Jael anasema, "Hayo makelele ni mimi niliwapa."

Kitu alichokipenda hasa ni redio koli, zile za kuongea na watu wa mbali bila simu wala mtandao. Hakuwa nayo. Alikuwa na kitabu chake tu, hakina jalada, michoro ya waya kurasa zote, na alikisoma akila.

Alhamisi moja mwezi wa tatu akaja mzee mmoja anaitwa Walubengo, amebeba boksi kifuani kama mtoto mgonjwa. Ndani kulikuwa na redio koli nne.

"Mimi naongea hewani kwa starehe," akasema, "na leseni ya serikali ninayo. Hizi nimepewa na wenzangu. Zilitengenezwa kabla hujaanza shule, lakini tumboni ziko sawa. Shida ni mdomo."

Akageuza moja. Nyuma palikuwa na tundu lenye pini sita, tatu juu, tatu chini. Hapo ndipo umeme wa betri unaingilia.

"Kichwa cha waya kinachoingia hapa hakiuzwi tena. Nimezunguka mjini wiki nzima. Mmoja ameniuliza kama ni cha friji."

Marvin, anayetengeneza simu kibanda cha pembeni, alikuwa ameshasogea. "Mzee, hiyo si kazi. Tunakata, tunaunga waya moja kwa moja, unaenda nyumbani."

"Ya tano tuliiunga hivyo," Walubengo akasema. "Mwanafunzi akachanganya waya mwekundu na mweusi, ikaungua. Imebaki ya kuzuia mlango. Kichwa chenyewe kina kona imekatwa, ukikigeuza hakiingii. Hicho ndicho nataka."

Kisha akaeleza mambo yote. Kule Lodwar, kaskazini kabisa, kuna chuo cha ufundi kilichompa chumba cha kufundishia redio, na nyumba ya fundi wa kukaa hapo. Gari linaondoka Jumatatu saa nne. Fundi atakayezipa redio hizi vichwa vyake halisi ndiye atapanda. Akikosekana, chumba kinapewa mwalimu wa kompyuta, naye amekwisha kujiandaa.

Jael alikuwa anaangalia lile tundu. Mzee alipoondoka na kuacha boksi, bado alikuwa anaangalia.

"Sister, mbona umekauka?" Marvin akamuuliza.

"Hivi vichwa nimewahi kuvishika."

"Wapi?"

"Hapa. Karibu na Krismasi. Nilivikata mimi."

Huku kwetu ukinunua waya za zamani, kitu cha kwanza ni kukata vichwa. Mnunuzi wa kopa, ile shaba ya ndani, anapima waya tupu. Akiona kichwa anasema unamwibia uzito, na siku hiyo hanunui kwako. Kwa hivyo fundi anakata bila kuangalia, kama mama wa samaki anavyotoa matumbo huku anaongea na jirani. Mwezi wa kumi na mbili Jael na Marvin walinunua gunia la waya kutoka kwa yadi iliyokuwa inafungwa Industrial Area. Walikata mchana kutwa. Kopa ikaenda kwa mnunuzi wake, vichwa vikatupwa pamoja na beseni zilizopasuka, mkokoteni ukavibeba hadi Kawangware kwa wasaga plastiki.

Marvin alicheka mpaka akakohoa. "Umekata kazi yako na mkono wako mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa umeshika ile ncha nyingine."

Jumamosi mama alinituma nimpelekee shangazi Adhis omena, wale dagaa, huko Gatina, Kawangware, kwa hivyo nilitembea na Jael, aliyekuwa anawafuata wasaga plastiki. Tulipofika Naivasha Road ndipo akaniuliza, "Wakishasaga, inakuwa kama nini?"

"Kama mchele," nikamwambia, kwa sababu nimewahi kuona.

Akaongeza mwendo.

Mwenye yadi ya plastiki anaitwa Eddah. Alivaa gambuti na aprini ya gunia, na ilibidi azime mashine ndio amsikie Jael.

"Vichwa vya waya vya Krismasi? Mrembo, hata Krismasi yenyewe watu wameisahau."

"Mlivisaga?"

Eddah akaokota kipande cha beseni akakitupa kwa pipa la maji. Kikaelea. Akaokota plagi ya televisheni akaitupa pia. Hiyo ikaenda chini moja kwa moja.

"Inayoelea nasaga. Inayozama siigusi, inaniharibia gunia zima na wateja wananirudishia. Na vichwa vya waya huwa vinazama."

"Sasa vilivyozama viko wapi?"

Eddah akaonyesha juu kwa mdomo. Paa la mabati lilikuwa limelaliwa na magunia sita, yamejipanga kama watu wamelala.

"Yananishikia nyumba. Upepo wa Januari ulinibebea mabati mawili, nikayapata kwa kanisa."

Jael alikuwa ameshaweka mguu kwa ngazi.

"Ngoja," Eddah akasema. "Ukishusha gunia, paa langu litashikwa na nini? Maombi?"

Wakakubaliana. Kila gunia likishuka, mawe ya uzito ule ule yanapanda. Jael akaanza kubeba mawe kutoka mtaroni walikokuwa wanachimba barabara. Nilienda kwa shangazi, nikala, nikarudi, bado alikuwa anabeba. Wafanyakazi wa Eddah walimtania, wakamuuliza kama anajenga au anabomoa. Aliendelea kubeba, na gunia la nne mmoja wao akamshikia ngazi.

Akamwaga vyote chini. Vilikuwa vichwa mamia na mamia, kila kimoja kimebaki na mkia mfupi wa waya. Akakaa katikati yake akavipanga kwa idadi ya matundu. Cha kwanza alikipata kama saa nane na nusu. Alikishika, akakiweka pembeni. Saa kumi alikuwa na vitatu vizima na kimoja ambacho moto ulikuwa umeshakila pembeni. Akageuza magunia ndani nje. Hakuna.

"Chukua hata hicho kibaya," Eddah akasema. "Si meno yake ni mazima?"

"Pini ni nzima. Imeungua ile kona."

Yaani ile kona iliyokatwa, inayokataa mtu akigeuza. Jael alikifungia kwa leso pamoja na vile vitatu, akapanda kuweka jiwe la mwisho, tukarudi.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikata kipande cha antena ya redio mbovu, kile kijibomba chembamba cha ndani, akakisukuma kwa tundu la kichwa mpaka pini ikaachia na kutoka na mkia wake. Pini sita, vichwa vinne. Akazichomelea kwa risasi kwenye waya mpya nene, akazirudisha kwenye vichwa. Alikuwa amemaliza viwili aliposimama ghafla, akachora vidoti sita kwenye kiganja, akakigeuza, akakiangalia kwa nyuma. Alikuwa amefuata mdomo wa redio anavyouona kwa mbele, na pini huingizwa kwa nyuma ya kichwa. Kushoto ilikuwa imekuwa kulia. Akatoa zote akaanza upya.

"Si uunge tu hicho cha nne kilivyo?" Marvin akasema. "Mzee hataona."

"Mwanafunzi ndiye ataona. Kwa moshi."

Kile cha nne alikijenga. Alikata plastiki kutoka kichwa kingine kinachozama, akaiyeyusha na kisu cha moto pale palipoungua, akapiga tupa, akajaribu, akapiga tena. Alipofunga mlango, juu ya meza palikuwa na unga mweupe kama wa ugali.

Jumatatu Walubengo alikuja saa tatu na betri ya gari. Redio ya kwanza ikawaka, taa yake ya manjano. Ya pili, ya tatu. Kile kichwa cha nne akakigeuzageuza karibu na macho.

"Hiki kina kovu."

"Kina kovu," Jael akakubali.

Mzee akakielekeza vibaya makusudi, juu chini, akasukuma kwa vidole gumba viwili mpaka shingo ikatoa mishipa. Kikakataa. Akapumzika, akasukuma tena. Marvin aliacha simu ya mtu wazi mkononi. Kichwa kikakataa. Mzee akakigeuza vizuri kikaingia taratibu, taa ikawaka. Akachomeka waya mrefu wa antena aliokuwa ameurusha juu ya mabati, akazungusha kitufe. Redio ikachemka kama mafuta, halafu ndani ya kule kuchemka mwanaume akasikika anataja jina lake herufi moja moja, anaita yeyote anayemsikia.

"Sijui yuko wapi," Walubengo akasema, "lakini yuko." Akamwangalia Jael. "Una begi?"

"Liko nyuma ya mlango."

"Tangu lini?" Marvin akauliza.

"Tangu Alhamisi."

Alimwachia Marvin ufunguo na woofer mbili ambazo wenyewe hawajazichukua. Akapita kwa bomba letu, begi begani na redio moja kwapani, akaruka mtaro. Mama akamwambia joto la Lodwar si mchezo. Jael akasema ameshazoea mabati. Nikamwona akipanda kuelekea gari kule relini, nyuma ya mzee, anamwambia apunguze mwendo asije akaangusha boksi. Hajarudi, na chumba chake kimeshapata mpangaji mwingine.